Mlango Mmoja: Rosa Mistika, marufuku ya vitabu na msomaji kijana wa Magara

Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuwa vitabu 16 havitaruhusiwa tena shuleni. Vingi kati yake vilikuwa vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, Mmarekani aliyejipatia jina kwa vichekesho vya mvulana mvivu, mwenye hila ndogondogo, anayesumbuliwa na kaka yake nyumbani na wababe shuleni. Pamoja navyo vilitajwa vitabu vya kuwaeleza vijana habari za mwili na jinsia. Vyote vilitiwa kapu moja na kupewa hukumu moja, kwamba vinakwenda kinyume na maadili, mila na desturi. Wazazi walihimizwa wakague mabegi ya watoto wao.

Sikusudii kuijadili orodha hiyo kitabu kwa kitabu. Kinachonishughulisha ni hoja ambayo husikika kila mara vitabu vya vijana vinapoondolewa, Dar es Salaam kama Florida: kwamba hakuna aliyekatazwa kusoma, ni shule tu zilizosafishwa, na anayekitaka kitabu akanunue. Hoja hiyo huchukulia kwamba kitabu kina milango mingi, na kwamba kuufunga mmoja hakumwachi msomaji nje. Nitaipima kwa kuipeleka Magara.

Magara iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Mbele ni maji na wavuvi wa ndagala na mikeke. Nyuma ni vilima. Kiswahili si mgeni katika mwambao huu. Kilifika na wafanyabiashara wa Ujiji, kikaota mizizi Rumonge mjini na katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kisha kikapata nguvu mpya kutoka kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kulea watoto katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo nchini Tanzania. Zaidi ya 50,000 kati yao walirejea kuanzia 2008. Baadhi walikuta ardhi yao ina wenyewe wapya, wakapewa makao katika vijiji vilivyojengwa kwa ajili hiyo, kikiwemo cha Mutambara, Rumonge. Watoto wao walikuwa wamesomeshwa kwa mtaala wa Tanzania. Burundi nayo, ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ilikiingiza Kiswahili katika shule za msingi. Msomaji kijana wa Kiswahili yupo, basi. Kitabu ndicho hakipo. Mwenye kutaka duka la vitabu lazima apande gari hadi Bujumbura, na huko riwaya ya Kiswahili ni bidhaa adimu. Vituo vya kusoma vya CLAC, vilivyoanzishwa nchini kwa msaada wa jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, vimejengwa juu ya vitabu vya Kifaransa. Kinachobaki ni shule. Serikali inayokiondoa kitabu katika shule ya Magara haijakiondoa shuleni tu. Imekiondoa Magara.

Fasihi ya Kiswahili ina kesi ya zamani zaidi kuliko ile ya 2023, na nzito zaidi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, ambaye hakuwa hata amefikisha miaka 28, alichapisha Rosa Mistika. Haikukawia kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Msomaji wa Magara angeitambua dunia ya riwaya hii kabla hajamaliza sura ya kwanza: kijiji cha kando ya ziwa, mama anayebeba nyumba mgongoni, baba mlevi, Zakaria, ambaye mamlaka yote aliyobakiwa nayo ni juu ya mabinti zake. Rosa anapata kipigo kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapelekwa shule ya wasichana inayoongozwa na watawa, anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua, kisha anaingia chuo cha ualimu Morogoro, ambako hakuna tena wa kumlinda wala kitu alichofunzwa cha kujilinda nacho. Yanayofuata ni wanaume wengi, wakiwemo wale ambao kazi yao ilikuwa kumlea, na mimba zinazotolewa. Anapojaribu kurudi kwenye maisha ya utulivu, mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Ni rahisi kuona kwa nini wakubwa walikasirika, na sidhani kwamba sababu ilikuwa ngono peke yake. Mashairi na nyimbo za pwani zimesema mengi kuliko hayo kwa mafumbo, na watoto wakiwa wamekaa palepale. Kezilahabi alifanya jambo gumu zaidi kumezwa: aliufuatisha mkondo wa maangamizi ya binti kuanzia chini hadi kwenye chanzo chake, na akamkuta baba amesimama hapo na fimbo. Kitabu kinawashitaki wazazi na walezi kwa jina la maadili yaleyale waliyodai kuyatetea. Kukifungia kulikuwa ni kumfanyia msomaji kile Zakaria alichomfanyia Rosa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wengi wa riwaya hii. Wamezoea kujibu kwamba, ikisomwa vizuri, Rosa Mistika inafunza maadili mema: aliyepotoka anaangamia, msomaji anaonywa. Jibu hilo linashinda kesi moja na kupoteza nyingine zote, kwa sababu linakubali kwamba kitabu cha kijana kina haki ya kuishi pale tu kinapoadhibu. Halafu si la kweli kabisa. Riwaya inaufikisha mwili wa Rosa kaburini kwa makosa ambayo wanaume waliyafanya pamoja naye, na wengi wao wanaendelea na kazi zao. Msichana wa miaka 17 anayeisoma leo ana haki ya kumkasirikia Kezilahabi, na kuuliza kwa nini mwandishi aliyeuona udhalimu kwa macho makali namna ile hakuona njia ya kumwacha Rosa hai. Swali hilo haliulizwi na mtu anayekisoma kitabu kwa kujificha chini ya blanketi. Linahitaji wenzake, mwalimu, na saa moja ya kubishana. Ndiyo maana nasema kwamba riwaya zinazobishaniwa ndizo zinazolihitaji darasa zaidi ya nyingine, na kuziondoa darasani ni kuwaacha vijana na kitabu bila mabishano, au bila kitabu kabisa.

Ulinganisho na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) unasaidia. Huko pia kuna baba, Maksuudi, anayemfungia binti ndani. Huko pia binti, Maimuna, anatoroka bila silaha yoyote ya akili na kuangukia pombe na danguro. Tofauti ni kwamba Maimuna anarudi akiwa hai. Riwaya hiyo iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Maelfu ya vijana waliandika insha juu ya danguro la Utengano na kupewa alama na serikali, na taifa halikuporomoka. Rosa Mistika yenyewe baadaye iliruhusiwa kurudi madarasani Tanzania. Kama maudhui yangekuwa sumu, yangekuwa sumu pande zote mbili za mpaka na katika miongo yote. Kilichobadilika ni uvumilivu wa wakubwa.

Sasa turudi Burundi, ambako suala la Rosa limewahi kushughulikiwa kwa njia nyingine. Juni 2018 Wizara ya Elimu iliagiza kwamba wasichana waliopata mimba, pamoja na wavulana waliowapa, wasiendelee na masomo katika mfumo wa kawaida wa shule. Agizo lilipingwa vikali na likaondolewa mwezi uliofuata. Tanzania ilikuwa imepita njia hiyo mapema na kukaa nayo zaidi: Rais John Magufuli alitamka Juni 2017 kwamba hakuna mwanafunzi atakayejifungua kisha arudi shuleni, na ni Novemba 2021 tu ambapo Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kuwa wataruhusiwa. Waraka wa namna hiyo huanza kazi tumbo linapoonekana. Riwaya huanza kwenye barua ya mvulana, miaka kadhaa kabla, wakati ambapo bado kuna la kufanya. Serikali inayotumia waraka na kuificha riwaya imechagua kumfahamu binti akiwa amechelewa.

Kuna jambo jingine linalofanya hali ya Burundi isifanane na ya jirani. Barabara ileile inayokwenda Magara hupita Ruziba, kusini mwa Bujumbura, ambako Juni 2016 wanafunzi wapatao 300 walifukuzwa shule kwa sababu picha ya Rais Pierre Nkurunziza katika vitabu vya kiada ilikuwa imechorwachorwa. Mwezi huohuo wanafunzi wa Muramvya walikamatwa kwa kosa hilohilo. Machi 2019, Kirundo, kaskazini mwa nchi, wasichana watatu wa kati ya miaka 15 na 17 walishitakiwa kwa kumtukana mkuu wa nchi kwa michoro ya kalamu kitabuni, wakakaa kizuizini wiki mbili hivi kabla ya kuachiwa. Katika shule ambako kitabu kimoja hushikwa na wanafunzi kadhaa na kupokezwa mwaka hadi mwaka, kuthibitisha ni mkono wa nani uliochora ni kazi isiyowezekana, lakini hilo halikuwazuia waliokamata. Hizo si kesi za kupiga kitabu marufuku. Bado zinatuhusu, maana zinaonyesha kitabu kilivyoweza kugeuka kielelezo mahakamani kikiwa mikononi mwa mtoto. Mwalimu aliyeyaona hayo hahitaji orodha ya vitabu 16. Ataorodhesha mwenyewe kimoyomoyo, na orodha yake itakuwa ndefu kuliko ya waziri yeyote.

Mzazi anayeogopa nisimpite kwa dharau. Mvuvi wa Magara anayempeleka bintiye ecofo, shule ile ya msingi ya miaka tisa, kwa madaftari yaliyotokana na ndagala, ana haki ya kuuliza mtoto anasomeshwa nini. Wala si kila kitabu kinachokosekana kimepigwa marufuku. Mtaala una nafasi chache, na kuchagua ni lazima. Ila mchaguzi hueleza kwa nini amekiweka hiki, na unaweza kumjibu kwa kupendekeza kingine. Mpiga marufuku hueleza kwa nini amekitoa kile, na kwa kuwa kimeshatoka, hakuna anayeweza kukifungua mbele yake na kumwuliza ni ukurasa upi. Marekani, ambako chama cha maktaba cha taifa, ALA, kilihesabu majina ya vitabu 4,240 yaliyolalamikiwa mwaka 2023, vita ni vikali kuliko vyetu, lakini angalau malalamiko huwa na karatasi: jina la kitabu, kamati, rufaa, na hata mahakama, tangu kesi ya Pico ya 1982 ambapo majaji waligawanyika juu ya mamlaka ya bodi za shule kuondoa vitabu kwenye maktaba. Kwetu uamuzi hutoka kwenye maikrofoni.

Nitapingwa kwamba ninabishania anasa. Kama Magara haina vitabu, kuna haja gani ya kuhofia marufuku? Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, alichapisha Petit pays mwaka 2016, na mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wakaipa tuzo yao ya Goncourt des lycéens. Ni riwaya ya utoto wa Bujumbura na vita vilivyouvunja, haijakatazwa, na bado kijana wa mwambao huu ana nafasi ndogo ya kuishika kuliko kijana wa Lyon. Nakubali kwamba umaskini na udhibiti si kitu kimoja, na anayevichanganya anawaonea wote wawili, maskini na mdhibiti. Lakini hukutana. Pale nakala ikiwa moja, shaka ya mtu mmoja inatosha kuifuta: mkuu wa shule anayeogopa ukaguzi, mfadhili anayechuja sanduku la msaada kabla halijasafirishwa, mwalimu aliyesikia tu kwamba kitabu fulani kilikuwa na matatizo Tanzania. Bujumbura shaka hiyo ingeacha nakala nyingine mahali pengine.

Kwa nakala moja, usomaji wenyewe huwa wa sauti. Mwalimu anasimama na kusoma, darasa linasikiliza, na kuna kurasa ambazo hatazisoma mbele ya watoto wa miaka 13 waliochanganyika na wa miaka 18 waliochelewa kuanza kwa sababu ya ukimbizi. Sioni ubaya. Ninachomtaka afanye ni kusema wazi kwamba ameruka, na ameruka kutoka wapi hadi wapi. Mwanafunzi anayejua kuna kurasa zilizorukwa anaweza kuziomba baada ya kengele, na mwalimu akaamua kwa kumtazama yeye aliye mbele yake, umri wake na anachokitafuta humo.