Kibao chini, kiwambo juu

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Jioni moja alipita barazani akanikuta nimeinamia meza, mbele yangu kioo cha kompyuta kilichovuliwa ganda, mkononi kalamu isiyo na wino. Nilikuwa nachora jani la mgomba. Kila kalamu ilipopita, mstari ulitokea papo hapo chini ya ncha yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kumbe na wewe umepata kishikwambi?"

"Hapana, mwalimu, hiki si kishikwambi."

"Sasa kinaitwaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekiunda kwa mikono yangu, kila skrubu nikijua ilikotoka, lakini jina lake la Kiswahili sikulijua. Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo, na makala haya ndiyo majibu yangu kwake.

Tuanze na kishikwambi chenyewe. Watanzania wengi tulilizoea neno hilo wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakijaza majibu yetu katika vifaa hivyo. Baadaye vikagawiwa walimu. Sikio la Mswahili husikia ndani ya neno hilo kitenzi shika, na kweli kifaa chenyewe hushikwa. Tena ni kompyuta kamili: kina betri, kina kumbukumbu, kina programu zake. Changu hakina hata kimoja kati ya hivyo. Ukichomoa waya unaokiunganisha na kompyuta, kinabaki kioo cheusi. Wala hakishikwi. Hulazwa mezani, mchoraji akauegemeza mkono wake juu yake kama juu ya karatasi.

Kompyuta niliyoitoa kioo ilikuwa mpakato, na jina hilo nalo lina somo. Mama anayempakata mtoto anajua mara moja kompyuta mpakato hukaa wapi. Kiswahili kinapopata jina zuri la chombo, mara nyingi hukiuliza kwanza: unafanywaje? Unashikwa, unapakatwa, unasukumwa? Kwa hiyo, kabla ya kutafuta jina, ni lazima nieleze chombo hiki kinafanya nini.

Mpakato ule ulikuwa wa fundi mmoja mjini, aliyekuwa akiuchinja kwa ajili ya spea. Kioo chake ni cha inchi 14.1, kile cha zamani chenye uwiano wa 4 kwa 3, yaani upana wa karibu sentimita 29 na kimo cha sentimita 21 na nusu. Kifaa cha pili nilikiokota kwenye soko la mitumba la Memorial hapa mjini, kimezongwa na nyaya: bamba la plastiki la kuchorea, lisilo na picha yoyote, lenye eneo la inchi 12 kwa 9. Vipimo hivyo viwili ndivyo vilivyonipa moyo. Kioo kilikuwa kidogo kuliko eneo la kuchorea, basi kingeweza kulala juu yake na kila pembe ikasomeka.

Chini ya plastiki ya bamba lile mna bodi yenye nyaya nyembamba za shaba, nyingine zimepangwa wima, nyingine mlalo. Umeme hupitishwa humo na kuzaa uga wa sumaku. Ndani ya kalamu mna koili ndogo. Koili hupokea nguvu ile na kuitika, na bodi husikiliza. Mwitikio unapokuwa mkali zaidi, hapo ndipo ncha ilipo. Ndiyo maana kalamu haihitaji betri. Aliyekulia mlimani Kilimanjaro na kuijua mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachaga, ataelewa haraka: kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina zamu yake ya maji, na kwenye bodi kila waya una zamu yake ya umeme, ila zamu hizi huzunguka mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Uga wa sumaku hupita kwenye kioo na plastiki, lakini bati lililo mgongoni mwa kioo cha mpakato huuharibu. Kwa hiyo bati linatoka. Bodi nyembamba inayokiendesha kioo, ambayo kiwandani hukunjwa nyuma yake, inakunjuliwa na kulazwa pembeni, polepole, kwa kuwa utepe wa nyaya zake ukichanika kioo kimekufa. Taa ya kioo cha zamani ni mrija mwembamba wenye zebaki kidogo, unaolishwa umeme wa mamia ya volti. Usiuguse ukiwa unawaka, na usiuvunje. Mimi niliutoa mzima nikaweka utepe wa taa za LED. Mwisho unahitaji bodi ndogo ya kupokea picha kutoka kwenye kompyuta, inayolingana na namba iliyobandikwa mgongoni mwa kioo chako. Mara ya kwanza niliacha kipande cha karatasi ya bati kwenye kona, na kila mstari uliofika pale ulipinda. Nilipokibandua, ukanyooka.

Baada ya kazi hiyo niliona jambo ambalo anayenunua kifaa kizima dukani ni vigumu kuliona: hivi ni vyombo viwili vilivyolalana. Cha chini kinasoma kalamu, cha juu kinaonyesha picha. Kila kimoja kilikuwa na maisha yake kabla sijavikutanisha. Basi tulipaswa kutafuta majina mawili, na Kiswahili kinayo yote mawili.

La kwanza ni kibao, ubao mdogo. Tunacho kibao cha kusukumia chapati, na kwenye vyuo vya Kurani watoto wengi wa pwani walijifunza herufi kwa kuandika ubaoni. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi zake juu ya vipande vya mbao za ujenzi, na rangi zenyewe zilikuwa za kupakia baiskeli. Hata neno la Kiingereza tunalolikopa, tablet, kwa asili ni kibao cha kuandikia. Chombo cha kulala mezani na kupokea mkono wa mchoraji, bila chenyewe kuonyesha picha, ni kibao cha kuchorea.

La pili ni kiwambo. Kuwamba ni kutandaza kitu na kukikaza juu ya kingine: ngozi juu ya ngoma, kamba juu ya kitanda. Kilichowambwa ni kiwambo. Wasomaji wa riwaya za upelelezi wanakijua kiwambo cha sauti kwenye bastola, na kwenye kompyuta wapo wanaolitumia neno hilo kwa maana ya skrini. Mchoraji naye huwamba: hukaza turubai juu ya fremu kabla ya kupaka rangi. Sam Ntiro, aliyezaliwa mlimani hapa mwaka 1923, alichora maisha ya vihamba juu ya turubai za namna hiyo. Mchoro wake wa mwaka 1956, wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, unahifadhiwa Museum of Modern Art, New York. Tingatinga alichora juu ya kibao, Ntiro juu ya kiwambo. Maneno haya yalikuwa ya wachoraji wetu kabla ya kompyuta kufika.

Ulimwenguni pia vyombo hivi vilizaliwa kila kimoja peke yake. Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa MIT, Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad, akichora moja kwa moja juu ya skrini kwa kalamu ya mwanga. Hicho kilikuwa kiwambo. Mwaka 1964 shirika la RAND likaeleza kibao cha inchi 10 kwa 10 chenye gridi ya nyaya, ambapo mkono ulichora mezani na macho yakatazama skrini iliyo mbele. Nilichokiunda mimi ni ndoa ya mawazo hayo mawili.

Nimeyapima na majina mengine. Mafundi wetu husema kioo, nami nalitumia neno hilo nikiwa nao, lakini kioo ni pia cha dirishani na cha kujitazamia. Skrini ni neno jema, ila halisemi kwamba hapa panachorwa. Kompyuta kibao, jina ambalo simu nyingi zilizowekwa kwa Kiswahili hulitumia, ni jina lingine la kishikwambi. Ni kompyuta yenye umbo la kibao, wala si kibao cha kuchorea.

Herufi mbili za mwisho wa kitenzi nazo zina uzito. Tunasema sufuria ya kupikia, kisu cha kukatia, jiwe la kusagia. Kauli ya kutendea ndiyo inayoonyesha chombo na kazi yake. Kwa hiyo si "kiwambo cha kuchora", kana kwamba kiwambo ndicho kinachosubiri kuchorwa. Ni kiwambo cha kuchorea: juu yake mtu huchora.

Basi pendekezo langu ni hili. Kisicho na picha, kiitwe kibao cha kuchorea. Chenye picha chini ya ncha, kiitwe kiwambo cha kuchorea. Kinachobebwa na kujitegemea, kibaki kishikwambi. Nawaomba walimu wa sanaa, mafundi wa kompyuta na wenzetu wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wayajaribu majina haya katika midomo yao na ya wanafunzi wao, kwa kuwa neno huishi kwa kusemwa.

Nawe, mwalimu, ukipita tena barazani, nitakujibu bila kusita: hiki ni kiwambo cha kuchorea, na kibao chake kiko chini.