Nusu Kidonge Wagenia: Usahihi wa Dozi na Hatari Isiyolingana

Katika mijadala ya tiba ya kisukari husikika dai kwamba kukata kidonge hakuna madhara: nusu ikiwa ndogo leo, ya kesho itakuwa kubwa, na mwisho wa wiki hesabu italingana. Dai hilo linakubalika kwa metformini ya kawaida. Kwa glibenklamidi ni la hatari, na hatari hiyo huongezeka kwa mgonjwa anayevua samaki Wagenia, kwenye maporomoko ya mto Kongo mjini Kisangani.

Kwamba nusu mbili hazilingani, watafiti hawabishani. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Verrue na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2011. Watu watano walikata vidonge vya aina mbalimbali kwa kifaa maalumu, kwa mkasi au vidole, na kwa kisu cha jikoni. Kwa jumla, asilimia 31 ya vipande vilikosa uzito uliotarajiwa kwa zaidi ya asilimia 15, na asilimia 14 vilikosa kwa zaidi ya asilimia 25. Hata kifaa maalumu kiliacha makosa hayo kwa asilimia 13 na 5. Kanuni za dawa za Ulaya, zinazopima nusu 30, huruhusu moja tu itoke nje ya asilimia 85 hadi 115 ya wastani, na haziruhusu hata moja nje ya 75 hadi 125.

Sasa tupige hesabu. Nusu ya metformini ya miligramu 1,000 ikizidi kwa asilimia 25, mgonjwa amemeza miligramu 625 badala ya 500. Dawa hiyo ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Nusu ya glibenklamidi ya miligramu 5 ikizidi vivyo hivyo inafika miligramu 3.1. Ongezeko linaonekana dogo, lakini dozi ya 2.5 huweza kupewa yule ambaye daktari anahofia sukari yake itashuka. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini hata kama mgonjwa hajala. Sukari ikishuka leo mchana, nusu ndogo ya kesho haimwokoi. Mvuvi wa Wagenia hukanyaga miti iliyofungwa juu ya maji yaendayo kasi na kuinua mitego mikubwa. Kazi hiyo nayo hushusha sukari. Kizunguzungu kinachompata karani akiwa kitini, mtoni kinaweza kumzamisha mtu.

Wanaotetea kisu husema kukata huokoa fedha. Ni kweli, nami sipingi kukatwa kwa metformini ya kawaida yenye mfereji wa kukatia. Lakini ile ya kutolewa polepole isikatwe kiholela, kwa kuwa kuivunja huenda kukaachia dawa nyingi kwa mara moja.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limependekeza gliklazidi, dawa nyingine ya kisukari, na kueleza kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60. Basi wanaoagiza dawa kwa ajili ya Tshopo, mkoa wenye mji wa Kisangani, watangulize gliklazidi, na glibenklamidi ikibaki, iletwe ya miligramu 2.5. Chuo Kikuu cha Kisangani nacho kipime vidonge vinavyouzwa mjini: mizani nyeti na vidonge 30 vya kila aina vinatosha kuanza. Hadi hapo, nusu ya glibenklamidi iliyokatwa kwa kisu isiandikiwe mvuvi.