Mimi Nani?

Bisha geti usiku uulizwe "Nani?" Ukijibu "Ni mimi," utaulizwa tena: mimi nani? Kwangu, historia ya redio za ridhaa, za watu wanaoongea hewani kwa mapenzi tu, ni historia ya swali hilo.

Titanic ilipozama Aprili 1912, lawama ziliwaangukia pia watu wa ridhaa kwa kuvuruga mawasiliano. Mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria: hakuna kurusha matangazo bila leseni. Tangu hapo kila kituo kikawa na jina lake la herufi na namba. Hata siasa imo humo. Chini ya mkoloni, majina ya Kenya yalianza na VQ4; baada ya uhuru yakawa 5Z4.

Kisha dijitali ikaja. D-STAR, iliyobuniwa Japani, hutuma jina lako ndani ya data kila unapobonyeza kitufe. DMR hutumia namba ya tarakimu 7. Za Kenya huanza na 639. Sasa kujitaja kwa mdomo kuna haja gani?

Haja ipo ukiunganisha mifumo hii na redio ya analogi. Sauti inavuka, jina lililo kwenye data linabaki ng'ambo. Mtambo wa kuunganisha hujitaja wenyewe, si wewe. Sheria ya Marekani bado inadai ujitaje angalau kila dakika 10, na mwisho wa mazungumzo.

Naiunga mkono. Mafuriko yakija na mtu aombe msaada, mwenye redio kuukuu hana skrini ya kusoma. Ana masikio tu.