Watu 13,000 juu ya tuta: mafuriko ya Mississippi ya 1927

Kimbunga Katrina kilipotimiza miaka 20, Agosti 2025, wengi walikumbuka picha za Wamarekani Weusi wa New Orleans waliokwama juu ya mapaa wakingoja serikali. Lakini simulizi ya kungoja huko ni ya zamani zaidi, na mwandishi John M. Barry, katika kitabu chake Rising Tide cha mwaka 1997, anaisimulia kupitia mafuriko ya 1927.

Aprili 21 mwaka huo tuta la kuzuia mto Mississippi huko Mounds Landing, jimboni Mississippi, lilibomoka. Maji yakalimeza bonde la pamba, na mjini Greenville watu Weusi wapatao 13,000 wakakimbilia juu ya tuta, mto upande mmoja na mafuriko upande wa pili. Wengi wao walilima mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno.

Msimamizi wa misaada, mshairi William Alexander Percy, aliamua wahamishwe kwa meli. Meli zikaja, zikatia nanga. Ndipo wenye mashamba wakagutuka: watu hawa wakiondoka, nani atavuna pamba? Kati yao alikuwemo baba wa mshairi huyo, LeRoy Percy, seneta wa zamani. Alimshauri mwanawe aitishe tena kamati ya misaada kabla ya kutekeleza uamuzi. Mwana akakubali, akijua wajumbe wako upande wake. Walipokutana, wote walikuwa wamegeuka. Meli zikaondoka na wazungu wachache tu. Baba alipokwisha kufa, ndipo mwana alipogundua kwamba mzee alikuwa amempitia kila mjumbe kwa siri. Aliyasimulia hayo mwenyewe katika kumbukumbu zake za mwaka 1941.

Waliobaki waligeuzwa nguvukazi. Wanaume walivishwa vibandiko vya utambulisho, wakalazimishwa kupakua shehena za Msalaba Mwekundu chini ya bunduki za Walinzi wa Taifa; asiyefanya kazi alinyimwa posho ya chakula. Mbu, matope na mahema vikawa maisha yao kwa miezi. Mimi hili siwezi kuliita balaa la asili. Mto ulileta maji. Kuwazuia watu juu ya tuta ulikuwa uamuzi wa kikao.

Washington nayo ilikaa pembeni. Rais Calvin Coolidge hakutaka hazina ya taifa iwalipe waathirika, hivyo misaada ikategemea michango ya wananchi. Waziri wa Biashara, Herbert Hoover, aliunda tume ya Weusi chini ya Robert Moton wa chuo cha Tuskegee. Ilipoleta habari za manyanyaso, taarifa zake zilififishwa, na ahadi ya kuwapatia Weusi ardhi ikayeyuka baada ya Hoover kuingia Ikulu. Sheria ya 1928 ndiyo iliyoipa serikali kuu jukumu la kujenga matuta.

Kuta nyingi zilizopasuka New Orleans mwaka 2005 nazo zilijengwa na serikali kuu. Baada ya Katrina, mpango wa serikali wa kujenga upya nyumba ulikokotoa ruzuku kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, hata pale gharama ya ukarabati ilipoizidi. Kwa kuwa nyumba za mitaa ya Weusi zilithaminiwa chini, wakazi wake walipata kidogo kwa uharibifu uleule. Walishitaki, na mwaka 2011 serikali ikakubali kuongeza dola milioni 62. Katika Lower Ninth Ward, mmojawapo wa mitaa hiyo, viwanja vingi bado ni majani.