Matini Thabiti, Mtunzi Asiye Thabiti: Historia ya Wimbo wa "Malaika" na Waimbaji Wake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya wimbo wa "Malaika" tangu uliporekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi ulipoimbwa upya na wasanii wa mabara mengine. Mjadala kuhusu wimbo huu umejikita katika swali la nani aliyeutunga. Makala yanajenga hoja kwamba swali hilo linapaswa kusomwa pamoja na swali la kiisimu: ni nini katika matini kilichobaki bila kubadilika wakati waimbaji, lugha zao na jinsia zao zilipobadilika? Kwa kuchunguza kitenzi cha kuoa, hali ya masharti na nomino za mali, inaonyeshwa kwamba sarufi ya wimbo imeendelea kumtaja mtu asiyekuwapo jukwaani, hata pale jina lake lilipopotea.

Utangulizi

Katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki, nyimbo chache za Kiswahili zimevuka mipaka ya lugha yao kama "Malaika". Umeimbwa na Wakenya na Watanzania, umeimbwa na Mwafrika Kusini na Mmarekani mwenye asili ya Karibi, umeimbwa Uswidi na Ujerumani, na umerejea Afrika kupitia mwimbaji wa Benin. Katika safari hiyo yote, jambo moja halikupata utulivu, nalo ni utunzi wake. Watu zaidi ya mmoja wametajwa kuwa watunzi, na kila anayetajwa ana watu wa kumtetea.

Nadharia mbili kuu zinazoweza kutumiwa kuueleza wimbo wa namna hii zinagongana nao. Sheria ya hakimiliki hutarajia kwamba penye matini thabiti pana mtunzi anayejulikana. Nadharia ya fasihi simulizi, hasa baada ya Albert Lord kuchapisha The Singer of Tales mwaka 1960, hutarajia kinyume chake: pale ambapo mtunzi hajulikani au hana umuhimu, matini huwa maji yanayofuata umbo la chombo, na kila uwasilishaji huwa utunzi mpya. "Malaika" hauingii katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Matini yake imebaki thabiti kwa kiasi kikubwa, ilhali mtunzi wake ndiye anayebishaniwa. Makala haya yanaushughulikia mkinzano huo.

Madai ya utunzi

Mtu anayehusishwa zaidi na wimbo huu ni Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938 katika eneo la Taita nchini Kenya na kufariki Nairobi mwaka 2001. Jina lake la mwisho linamtambulisha kuwa ni wa Wadawida, yaani Wataita. Aliimba na kundi la Jambo Boys, kisha akafanya kazi katika studio ya Equator mjini Nairobi iliyokuwa chini ya Mwingereza Charles Worrod, ambako pia walirekodi wanamuziki kama Daudi Kabaka. Sauti ya Fadhili ndiyo iliyoufikisha wimbo kwa umma kupitia sahani za santuri na redio, katika miaka ile Kenya ilipokuwa ikielekea uhuru.

Dai la pili ni la Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916. Kwa mujibu wa maelezo yake, aliutunga wimbo huo mwaka 1945 alipokuwa akiishi Nairobi, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi wake waliukataa uchumba wao na kumwoza kwa mwanamume mwenye uwezo. Jina la Grant Charo nalo limetajwa katika mgogoro huu.

Neno lenyewe la Kiswahili linastahili kuangaliwa kabla ya kuamua lolote. Kutunga ni kupanga shanga katika uzi au samaki katika utepe wa ukindu. Mtunzi, kwa maana hiyo ya msingi, huchukua vitu vilivyokwisha kuwapo na kuvipa mpangilio. Lugha hutofautisha vizuri kati ya aliyetunga, aliyeimba na aliyerekodi. Sheria ya hakimiliki iliyorithiwa kutoka Uingereza na kutungwa upya nchini Kenya mwaka 1966 nayo hutofautisha, lakini huilinda kazi pale tu inapokuwa imeandikwa, imerekodiwa au imetiwa katika umbo linaloshikika. Kwa hiyo anayesema alitunga mwaka 1945 kwa mdomo husimama mbele ya sheria mikono mitupu, na mwenye sahani husimama na ushahidi. Haitoshi kusema kwamba aliyerekodi alimdhulumu aliyetunga, kwani hilo halijathibitishwa. Kinachoweza kusemwa ni kwamba chombo cha kurekodi kilimpa mmoja uthibitisho ambao mwingine, hata kama alisema kweli, hangeweza kuupata.

Safari ya wimbo

Nje ya Afrika Mashariki, aliyeubeba wimbo kwa nguvu zaidi ni Miriam Makeba. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte waliujumuisha katika albamu yao ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1966 katika kundi la muziki wa jadi. Makeba aliendelea kuuimba majukwaani kwa miaka mingi, hata wasikilizaji wengi wa Ulaya na Marekani wakaudhania kuwa wimbo wa Afrika Kusini. Katika muongo huohuo ulirekodiwa na Brothers Four wa Marekani na Hep Stars wa Uswidi, kundi ambalo Benny Andersson alilipigia kinanda kabla ya kuwa mmoja wa waasisi wa ABBA. Mwaka 1981 Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, liliutoa kwa mdundo wa disko. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin aliuweka katika albamu yake ya Logozo.

Wasanii hawa hawakukulia katika Kiswahili. Wale waliouimba kwa Kiswahili waliujifunza kwa sikio, neno kwa neno. Yafaa kuuliza walichoshika na walichoacha.

Kuoa, kuolewa na kuoza

Ushahidi wa msingi umo katika kitenzi. Katika matini inayojulikana zaidi, nafsineni inamwambia mpenzi wake ningekuoa. Kiswahili, tofauti na Kiingereza au Kifaransa, hakina kitenzi kimoja cha ndoa kinachowatosha watu wote. Kwa matumizi ya kawaida mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na wazazi huoza. Mzizi ni mmoja, lakini vinyambuo vyake vinagawa madaraka: mtenda, mtendwa, na msababishi mwenye amri. Hili ni jambo la pekee katika ushairi wa mapenzi wa Kiswahili, ambao mara nyingi huweza kuficha jinsia ya msemaji kwa kuwa viambishi vya nafsi havitofautishi mume na mke. Ondoa kitenzi hiki, na sehemu kubwa ya wimbo ingeweza kusemwa na yeyote kumwambia yeyote. Kitenzi hiki ndicho kinachomfanya msemaji awe mwanamume.

Makeba ni mwanamke, na Kidjo ni mwanamke. Wote wawili wamekiimba kitenzi hicho katika umbo la mwanamume. Haiwezi kusemwa kwamba mizani ya wimbo iliwalazimisha: ningekuoa ina silabi tano, na ningeolewa ina silabi tano vilevile. Mabadiliko hayo yangempoteza "wewe" anayezungumziwa ndani ya kitenzi, lakini yasingeuvunja mdundo. Kwa msikilizaji wa New York au Paris hapakuwa na la kubadilisha, kwa sababu tafsiri ya kitenzi hicho katika lugha yake haina jinsia. Kwa msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam, mwanamke anayesema ningekuoa anasikika mara moja kuwa anasema kwa niaba ya mtu mwingine.

Kusema kwa niaba si jambo geni katika pwani ya Waswahili. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliimba tungo za watunzi wanaume, na taarabu baada yake imezoea mshairi kukaa kando na mwimbaji kusimama mbele. Hivyo uthabiti wa kitenzi una njia mbili. Mwimbaji Mswahili hukihifadhi kwa kufuata kaida: anajua kwamba maneno si yake, na hadhira inajua. Mwimbaji mgeni hukihifadhi kwa kufuata sauti: hashughulikii sarufi aliyoibeba. Matokeo ni yaleyale. Katika vinywa vya wote wawili, wimbo unaendelea kumwelekea mwanamume ambaye hayupo jukwaani.

Kinyume na kitenzi, neno la kumwitia mpenzi hubadilika kutoka rekodi moja hadi nyingine, na hilo ni la kutarajiwa, kwa kuwa mwito una nafasi huru katika sentensi. Nomino malaika yenyewe ina upana wa maana. Asili yake ni wingi wa Kiarabu uliogeuka umoja katika Kiswahili, na licha ya kiumbe wa mbinguni anayejulikana kwa Waislamu na Wakristo, hutaja pia mtoto mchanga na vinyweleo laini vya mwilini. Upana huo unasaidia kueleza kwa nini wimbo wa mtu aliyekosa ndoa huweza kuimbwa harusini, na hata kumbembelezea mtoto, bila msikilizaji kuhisi kasoro.

Masharti na mali

Kiambishi -nge- nacho kina la kusema. Sarufi mapokeo hutofautisha -nge-, inayoacha uwezekano fulani, na -ngali-, inayofunga mlango wa jambo lililopita. Mtu angeweza kudai kwamba matumizi ya -nge- yanaonyesha msichana hajaozwa bado, na hivyo hayapatani na maelezo ya Adam Salim. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika mazungumzo viambishi hivi huachiana nafasi mara kwa mara, na mshairi ana sababu za kutaka mlango ubaki wazi hata baada ya kufungwa. Sarufi haiwezi kutoa hukumu ya mgogoro huu, ila inabainisha kiini chake: sharti linalokosekana katika kauli ya msemaji ni mali.

Wimbo unataja mali na unataja pesa, na maneno haya mawili hayalingani. Mali ni utajiri wa kila namna, na katika jamii nyingi za bara ni pamoja na mifugo inayotolewa mahari. Pesa, neno lililotoka India kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, ni sarafu ya mshahara. Kijana wa Nairobi katika miaka ya 1940 au 1960 alikuwa kati ya maneno hayo mawili: alilipwa kwa la pili na kudaiwa kwa la kwanza. Aidha, kitenzi cha kushindwa kinapofuatiwa na na kisha mali, sikio linaweza kusikia maana mbili: kwamba msemaji anashindwa kwa kuwa hana mali, au kwamba mali ndiyo inayomshinda. Wazazi, wenye kitenzi cha kuoza, hawatajwi katika kauli hiyo, lakini mali inasimama mahali pao.

Tafsiri nyingi hulifanya shairi hili kuwa la mapenzi matupu. Maelezo ya wadai wa utunzi, kinyume chake, yanarejea daima kwenye mahari. Kwa upande huu matini iko karibu zaidi na kijana fukara wa mjini kuliko malaika wa mbinguni.

Hitimisho

Historia ya "Malaika" inaonyesha kwamba matini inaweza kugandishwa bila kalamu. Sahani ya santuri iliishika kwanza, na kisha waimbaji wasiojua Kiswahili wakaishika zaidi, kwa kuwa asiyeelewa neno hana sababu ya kulirekebisha. Mwimbaji mwenye lugha yake aliiacha ilivyo kwa adabu ya sanaa. Hivyo uthabiti unaoonekana kama dalili ya mtunzi mmoja anayejulikana ulitokana, kwa sehemu kubwa, na watu ambao hawakumjua mtunzi kabisa.

Kwa mtafiti wa fasihi, funzo ni kwamba utunzi usitafutwe katika maandishi ya jalada la rekodi peke yake. Jalada huandikwa na kampuni, na hubadilika kampuni inapobadilika. Kama mwanamume huyo alikuwa Fadhili William, Adam Salim au mwingine, matini haisemi. Inachosema ni kwamba alikuwa mwanamume, kwamba alitaka kuoa, na kwamba hakuwa na mali. Kila mara mwanamke anapopanda jukwaani, popote duniani, na kusema ningekuoa, anatoa ushahidi kwamba maneno hayo yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe si yeye. Mgogoro wa haki ulibaki bila kumalizika, na huenda usimalizike, kwa kuwa waliohusika wengi wametangulia mbele ya haki. Lakini hata pale jina lilipofutika au kubishaniwa, hali ya mtu yule imebaki ndani ya kitenzi, ikisubiri msikilizaji anayekijua Kiswahili.