Mahakama Iliyoamuru Tiba

Mwaka 1976, katika shauri la Estelle dhidi ya Gamble, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba dola inayomfunga mtu gerezani, kisha ikapuuza kwa makusudi maradhi yake mazito, inavunja Katiba. Mfungwa akapata haki ya kutibiwa. Naanzia hapo kwa sababu miaka 13 baadaye ilizaliwa taasisi iliyojengwa kwa jina la tiba, na haki hiyo haikuwekwa ndani yake.

Taasisi hiyo ni mahakama ya dawa za kulevya. Ya kwanza ilianza Miami, Florida, mwaka 1989, chini ya Jaji Stanley Goldstein. Mwendesha mashtaka mkuu wa eneo hilo alikuwa Janet Reno, ambaye mwaka 1993 alipanda kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Magereza yalikuwa yamefurika watu waliokamatwa na kokeini. Makubaliano yakawa haya: mashtaka yasimamishwe, mshtakiwa ahudhurie tiba, apimwe mkojo, arudi mara kwa mara mbele ya jaji yuleyule, akimaliza, shauri lifutwe. Uraibu wa kokeini haukuwa na dawa yake, hivyo tiba ilikuwa ushauri nasaha pamoja na sindano nyembamba za masikioni kwa mtindo wa Kichina.

Sheria ya uhalifu ya mwaka 1994 ikatoa fedha, mahakama hizo zikaenea nchi nzima na kupokea waraibu wa heroini. Hao dawa yao ilikuwapo. Vincent Dole na Marie Nyswander walikwisha kuonyesha New York, mwaka 1965, kwamba methadoni humtuliza mraibu akaweza kuishi na kufanya kazi. Hata hivyo majaji wengi waliikataza, wakidai ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mtu ambaye hakusomea udaktari akafuta dawa ya daktari! Na hatari yake ni kubwa: mwili uliokwisha kuacha heroini haustahimili tena kipimo cha zamani, anayerudia mara moja anaweza kufa. Serikali kuu ilikuja kuzizuia mahakama zinazopokea fedha zake kuwanyima watu dawa hizo mwaka 2015, nusu karne baada ya Dole. (Muhimbili yetu ilianza kutoa methadoni mwaka 2011.)

Lakini uraibu hauji peke yake. Huja na homa ya ini ya aina C na VVU kwa kuchangia sindano, majipu, sonona na meno yaliyooza. Mahakama huamuru uraibu utibiwe. Maradhi mengine humwachia mshtakiwa na mfuko wake. Florida ilikataa kupanua Medicaid, bima ya umma ya wasio na kipato, hivyo mtu mzima maskini asiye na mtoto wala ulemavu kwa kawaida haipati.

Mfikirie sasa mtu huyo anaumwa jino usiku. Hana bima. Anameza kidonge cha kutuliza maumivu alichopewa na jirani, mkojo unamsaliti, na jaji anampa siku chache za jela kama onyo. Akishavuka lango la jela, jino lile likiwa limemvimbisha taya, ndipo Katiba inapoanza kumtambua kuwa mgonjwa.