Pumzi ya Injini na Mlima Sekenke

Injini hupata nguvu kwa kuunguza mafuta, na mafuta hayaungui pasipo hewa. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda.

Dawa yake ni kuisukumia injini hewa. Supachaja ni pampu inayozungushwa na injini yenyewe, kwa gia au mkanda, ikishindilia hewa ndani ya silinda. Ndugu wawili wa jimbo la Indiana, Marekani, waliokuwa na jina la Roots, walipata hataza ya pampu ya aina hiyo mwaka 1860, kabla gari la petroli halijakuwepo. Magari ya kuuzwa kwa umma yalisubiri hadi 1921, Mercedes ilipoyaonyesha Berlin. Pampu ya magari hayo ilishika kazi pale tu dereva alipokanyaga mafuta hadi mwisho.

Mfano unaotajwa sana ni Bentley ya lita 4½ ya mwaka 1929. Pampu yake ilifungwa mbele ya rejeta, ikizungushwa na krenkshafti moja kwa moja, na kabureta mbili zikawekwa kabla ya pampu ili ivute hewa iliyokwisha kuchanganyika na petroli. Nguvu zilipanda kutoka farasi 110 hadi 175. W. O. Bentley mwenyewe, mwasisi wa kampuni hiyo, aliipinga kazi hiyo, na alikuwa sahihi: gari lilikunywa petroli bila huruma na halikushinda mashindano ya Le Mans hata mara moja. Anayefunga supachaja kwenye injini ya zamani leo hukutana na mambo yaleyale. Mgandamizo usizidi, la sivyo injini itagonga na kutoboa pistoni. Mchanganyiko uongezewe petroli. Gasketi na beringi ziwe imara.

Turudi Tabora, ambako injini hukosa pumzi. Reli ya Kati ilifika huko mwaka 1912, ikafuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya wapagazi. Igunga, katika mkoa huohuo, ikabaki pembeni, na mizigo yake ikategemea barabara. Ukitoka huko kwenda Singida unapita Shelui, kisha unaupanda Mlima Sekenke hadi Misigiri. Kwa lori la zamani lililojaa, mlima huo ulikuwa kazi ya gia nzito na rejeta inayochemka.

Kilicholiokoa lori si supachaja, ni binamu yake. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya turbo mwaka 1905: pampu inazungushwa na moshi wa eksozi, nguvu ambayo ingepotea bure. Volvo iliuza lori lenye turbo mwaka 1954. Scania ikatoa injini yake ya V8 yenye turbo, ya farasi 350, mwaka 1969. Kwenye mashindano, turbo ilishinda Safari Rally kwa mara ya kwanza mwaka 1984, kwa Toyota Celica ya Björn Waldegård.

Hiyo ni kwa kupanda. Kuteremka Sekenke kuelekea Igunga ni kazi ya breki na gia, na huko turbo haina msaada.